NME: Gazeti lililohesabu nyimbo za Waingereza na kuzihukumu

Juni 1977, gazeti la muziki la New Musical Express, ambalo Waingereza walilijua kwa herufi tatu tu, NME, lilichapisha mahojiano na Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Aliyeyafanya ni mwandishi Tony Stewart. Kichwa cha habari kiliuliza, kwa tusi jepesi la mitaani, kama mtu huyu ni mpumbavu. Mwaka mmoja na nusu tu ulikuwa umepita tangu wimbo wake "Bohemian Rhapsody" ukae wiki 9 mfululizo kileleni mwa chati ya Uingereza. Mtoto aliyezaliwa Unguja Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, ambaye familia yake iliondoka Zanzibar mwaka 1964 baada ya Mapinduzi na kuhamia Feltham, pembezoni mwa London, alikuwa tayari miongoni mwa waimbaji wakubwa duniani. NME halikutishika na ukubwa huo. Lilijiona lina haki ya kuuliza.

Haki hiyo lilipewa na nani? Kijana wa leo anayesikiliza muziki kwenye simu atapata shida kuamini kwamba karatasi ya kila wiki, yenye wino unaobaki vidoleni, iliweza kumtoa mwanamuziki kwenye baa ya mji wa mbali na kumfanya azungumzwe nchi nzima ndani ya siku tatu. Iliweza pia kumvunja. NME lilikuwa na kazi mbili zilizotegemeana: lilihesabu nyimbo, na lilizihukumu. Kuhesabu ndiko kulikoanza.

Mwaka 1952 London ilikuwa na gazeti dogo lililokuwa likikata roho, Musical Express and Accordion Weekly. Promota wa maonesho ya muziki, Maurice Kinn, alilinunua kwa pauni 1,000, na inasimuliwa kwamba zilikuwa zimebaki dakika 15 tu lifungwe rasmi. Alimweka kwenye kiti cha uhariri Ray Sonin, aliyekuwa ametoka Melody Maker, akaondoa akordioni kwenye jina, na tarehe 7 Machi 1952 toleo la kwanza la New Musical Express likaingia mitaani. Ofisi ilikuwa namba 5 Denmark Street, mtaa mfupi uliojaa wachapishaji wa nota na watunzi wa nyimbo za kukodi.

Melody Maker lilikuwa sokoni tangu 1926. Lilianzishwa na Lawrence Wright, mchapishaji wa nyimbo, na lilikuwa gazeti la wapigaji wenyewe. Mpiga saksafoni aliyetafuta kazi alilinunua kwa ajili ya matangazo madogo ya kurasa za nyuma, na kiongozi wa bendi ya dansi alilinunua ajue mwenzake kaajiri nani. Kinn aliona kundi jingine lililokuwa halijapata gazeti lake, yaani vijana waliokuwa wameanza kupata mshahara, wasiojua kupiga chombo chochote, lakini walio tayari kutoa pesa yao Jumamosi kununua santuri. Hao walitaka kujua mwimbaji wao anakula nini, atatumbuiza wapi, na kama wimbo wake unapanda au unashuka.

Jibu la swali la mwisho lilihitaji hesabu, na nchini Uingereza hesabu hiyo haikuwapo. Umaarufu wa wimbo ulipimwa kwa mauzo ya nota zilizochapishwa. Wimbo mmoja uliweza kuimbwa na watu watano au sita, na aliyenunua karatasi ya nota alinunua wimbo, si sauti ya fulani. Percy Dickins, mmoja wa waanzilishi wa NME na mkuu wa matangazo, alitaka orodha kama ile ya Billboard la Marekani. Njia yake ilikuwa ya mkono mtupu. Alichukua simu, akapiga kwa maduka kama 20 ya santuri, akamuuliza kila mwenye duka zipi zinamwishia haraka zaidi, akajumlisha alama kwenye karatasi. Tarehe 14 Novemba 1952 matokeo yakachapishwa. Orodha iliitwa ya nafasi 12, lakini kwa kuwa nyimbo kadhaa zililingana alama, zilitokea 15. Ya kwanza ilikuwa "Here in My Heart" ya Al Martino, Mmarekani mwenye asili ya Italia, nayo ikashikilia hapo wiki 9. Vera Lynn, sauti ya Waingereza wakati wa vita, alikuwa na nyimbo tatu kwenye orodha hiyo hiyo.

Simu zile za Dickins zilibadilisha biashara nzima. Zilimhamisha mwimbaji kutoka kwenye kivuli cha wimbo na kumfanya mwenye mali. Zilizipa kampuni za santuri kitu cha kukimbilia kila wiki, na kwa gazeti zilileta matangazo. Msomaji naye alipata sababu ya kurudi wiki inayofuata, kwani namba zilikuwa zimesogea. Magazeti mengine yaliiga haraka na kila moja likawa na chati yake, hivyo wimbo uliweza kuwa wa kwanza huku na wa tatu kule. Ilibidi kungoja hadi Februari 1969 ndipo BBC na wenye biashara ya santuri wakakubaliana juu ya chati moja. Hata hivyo, wanaoandika historia ya chati ya Uingereza huanzia kwenye orodha ya Dickins, na namba zake ndizo wanazozitumia kwa miaka yote ya 1950.

Gazeti la miaka hiyo lilikuwa jepesi na la adabu. Ukurasa wa mbele mara nyingi uliuzwa mzima kwa tangazo la kampuni ya santuri, jambo ambalo leo lingeonekana kama kujidhalilisha lakini ndilo lililolipa mishahara. Ndani mlikuwa na habari fupi za safari na mikataba, kisha uhakiki wa santuri mpya usiozidi sentensi chache na usiotaka kumuudhi mtu. Nyuma kabisa palikuwa na ukurasa wa udaku ulioitwa The Alley Cat, na wasomaji wengi waliligeuza gazeti na kuanzia huko. Kulikuwa pia na Life-lines, fomu ya maswali aliyojazishwa msanii: kimo, rangi ya macho, chakula anachopenda, chombo cha kwanza kupiga, ndoto ya maisha. Februari 1963 walijaza The Beatles wote wanne. Ukisoma majibu yale unakutana na vijana wa Liverpool ambao hawajajua bado watakuwa nani, na hakuna kitabu cha wasifu kilichokuja baadaye kinachoweza kukupa hilo.

Kila mwaka wasomaji walipiga kura, na washindi walikusanywa kwenye onesho moja kubwa, baadaye likihamia Empire Pool, Wembley. Tarehe 1 Mei 1966 The Beatles walifunga onesho hilo. Lilikuwa onesho lao la mwisho la kulipiwa kiingilio katika ardhi ya Uingereza, ingawa watazamaji hawakujua. Kufikia hapo mauzo yalikuwa yamefika kilele ambacho hayakukifikia tena: katika nusu ya kwanza ya 1964 NME liliuza wastani wa nakala 306,881 kwa wiki.

Ukaribu wa gazeti na wasanii ulikuwa mkubwa kiasi cha kuwashangaza wanahabari wa sasa wanaozungushiwa mawakala na wanasheria. Machi 1967 Jimi Hendrix alikuwa nyuma ya jukwaa la Finsbury Park Astoria, London, akiwaza na meneja wake jambo la kufanya usiku ule ili wazungumzwe. Aliyependekeza gitaa lichomwe moto ni Keith Altham, mwandishi wa NME. Mafuta ya kuwashia viberiti vya gesi yakaletwa, Hendrix akaliwasha gitaa jukwaani, na mwandishi akapata habari ya kuandika. Ukipima kwa maadili ya kazi hii, mambo hayo hayakubaliki. Kwa historia ya roki, ilikuwa dakika moja isiyosahaulika.

Kisha wakati ukaligeuka gazeti. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 muziki ulikuwa umekua: albamu zilikuwa ndefu na nzito, wasikilizaji walikuwa wanafunzi wa vyuo, na maswali ya chakula gani unapenda yalionekana ya kitoto. Melody Maker liliwafuata wasomaji hao na kuwapata. Ndilo lililochapisha Januari 1972 mahojiano ya Michael Watts ambamo David Bowie alizungumza wazi kuhusu mapenzi yake, habari iliyotikisa nchi. NME lilibaki na tabasamu la 1963. Wamiliki wake, kampuni kubwa ya magazeti ya IPC, walimwita mhariri Alan Smith mwanzoni mwa 1972 na kumpa matoleo 12 ya kuliokoa. Akishindwa, linafungwa.

Smith na msaidizi wake Nick Logan walifanya jambo ambalo wenye magazeti huliogopa. Waliwaacha waandishi wazoefu wa burudani na kwenda kuchukua vijana kwenye magazeti ya chinichini, yale ya wapinga mfumo yaliyochapishwa kwa rangi za ajabu na kuandamwa na polisi. Charles Shaar Murray alitoka Oz, ambako alishiriki katika toleo la wanafunzi lililowapeleka wahariri mahakamani. Nick Kent alitoka Frendz. Hawa hawakuandika kama wafanyakazi wa matangazo. Waliandika kama mashabiki waliosoma vitabu vingi, kwa hasira, kwa mzaha, kwa kurasa nzima nzima, nao waliweza kuisifu santuri wiki hii na kuichana ya msanii yule yule mwaka unaofuata. Wasomaji walirudi, na mauzo yakapita tena nakala 200,000 kwa wiki. Aprili 1972 gazeti liliwahi hata kubandikiwa santuri laini ya plastiki yenye sauti ya The Rolling Stones, zawadi ya bure kwa mnunuzi.

Chukua toleo la katikati ya miaka ya 1970 ulifungue. Karatasi ni ile ile ya magazeti ya kila siku, kubwa na nyembamba, na picha ni nyeusi na nyeupe. Mbele kuna uso mmoja mkubwa, mara nyingi umepigwa na Pennie Smith, ambaye miaka michache baadaye alimnasa Paul Simonon wa The Clash akilivunja gitaa la besi jukwaani New York, picha iliyowekwa kwenye jalada la "London Calling". Kurasa za kwanza ni habari: nani kaingia studio, bendi ipi imevunjika, ziara ipi imeahirishwa. Zinafuata Thrills, kurasa za vipande vifupi, vichekesho na majina mapya. Kuna katuni ya The Lone Groover na chemshabongo. Katikati mna makala ndefu, na hapa urefu ulikuwa urefu kweli: mwaka 1977 Mmarekani Lester Bangs alisafiri na The Clash, na alichoandika kikachapishwa kwa sehemu tatu katika matoleo matatu. Baada ya hapo santuri za wimbo mmoja mmoja zinahakikiwa zote na mtu mmoja aliyepewa zamu wiki hiyo, kisha albamu, kisha maonesho. Zinakuja chati za Uingereza na Marekani. Mwisho kabisa, kwa maandishi madogo yanayoumiza macho, zimeorodheshwa kumbi za kila mji na bendi zinazopiga kila usiku, pamoja na matangazo ya fulana, mabango na santuri adimu kwa njia ya posta.

Maandishi hayo madogo ndiyo yaliyofanya kazi kubwa kuliko yanavyopewa sifa. Kijana wa Swindon au Dundee alijua kwa njia hiyo kwamba bendi aliyoisoma ukurasa wa 20 itapita mjini kwake Jumanne, na kwa pesa kiasi gani. Nchi nzima ilikuwa na ratiba moja.

Kurasa za barua nazo zilikuwa shule. Juni 1974 ilichapishwa barua ya kijana wa Manchester aliyeshangilia albamu ya bendi ya Sparks. Aliitwa Steven Morrissey. Aliendelea kuandika barua kwa miaka, akibishana na kila mhakiki, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipoanzisha The Smiths na gazeti likaanza kuandika juu yake. Chrissie Hynde, Mmarekani kutoka Ohio, aliandikia NME kabla hajaunda The Pretenders. Danny Baker aliingia kama mpokea wageni, akatoka mwandishi na baadaye mtangazaji maarufu. Mpaka kati ya anayeandika, anayesoma na anayepiga gitaa ulivukwa kila siku. Kwangu mimi hapo ndipo uzuri wa gazeti hili ulipo, kuliko hata majina makubwa yaliyopamba majalada.

Mwaka 1976 lilitoka tangazo la kazi lililowataka vijana wakali wa kuandika. Waliochukuliwa ni Julie Burchill, msichana wa miaka 17 kutoka Bristol, na Tony Parsons, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha jini. Panki ilikuwa inazaliwa. Februari mwaka huo Neil Spencer wa NME alikwisha kuiona Sex Pistols klabu ya Marquee wakati karibu hakuna aliyeijua, akaandika habari fupi ambayo wanahistoria wa panki bado wanaitaja. Burchill na Parsons waliichukua panki kama vita yao binafsi, na ndiyo maana mwaka mmoja baadaye msanii mwenye mavazi ya baleti na glasi ya shampeni, hata awe na sauti ya namna gani, alionekana katika ofisi zile kama masalia ya utawala uliopinduliwa.

Nirudi basi kwa Mercury. Hakuna msanii aliye juu ya kuhojiwa, na uhakiki mkali ni huduma kwa msomaji anayetoa pesa yake. Lakini tofauti ipo kati ya kusema albamu hii ni dhaifu na sababu ni hizi, na kumwekea mtu tusi juu ya jina lake. NME lilifanya yote mawili kwa miaka mingi, na mara nyingi mwandishi yule yule alivuka mstari katika aya moja. Queen na waandishi wa muziki hawakuelewana, na Mercury alizidi kujitenga na mahojiano kadiri miaka ilivyokwenda. Alipofariki Novemba 1991, sehemu kubwa ya aliyokuwa nayo kichwani kuhusu Unguja, kuhusu shule yake ya bweni Panchgani kule India, na kuhusu kuvuka bahari akiwa na miaka 17, ilikuwa haijaulizwa na mtu. Nasema hili kwa uchungu. Waandishi wale walikuwa hodari wa kuuliza maswali, na walikuwa naye mezani.

Lakini gazeti lile lile lilisimama palipohitajika. Agosti 1976 Eric Clapton, akiwa jukwaani Birmingham, alitoa maneno ya kibaguzi dhidi ya wahamiaji. Mpiga picha Red Saunders na wenzake waliandika barua ya kumkumbusha kwamba nusu ya muziki wake ni wa watu weusi, na wakawaalika wasomaji waungane nao. NME liliichapisha, pamoja na magazeti mengine. Mamia ya majibu yakaja, na kutoka kwenye majibu hayo ikazaliwa Rock Against Racism, vuguvugu la muziki dhidi ya ubaguzi. Aprili 1978 watu wapatao 80,000 hadi 100,000 walijaa Victoria Park, mashariki mwa London, kuwasikiliza The Clash na Steel Pulse, bendi ya rege ya Birmingham, siku moja kwenye jukwaa moja. Chini ya Neil Spencer, aliyeshika uhariri mwaka huo, gazeti liliandika rege kwa uzito ule ule wa roki na likaingia siasa waziwazi. Mwaka 1985 lilimweka kiongozi wa chama cha Labour, Neil Kinnock, kwenye jalada.

Nick Logan alikuwa ameshaondoka. Aliwaacha wasomaji wakubwa, akaenda kuwatafuta wadogo zao. Novemba 1978 alizindua jarida jipya, Smash Hits, lenye bendi ya Blondie mbele na maneno kamili ya nyimbo zinazovuma ndani. Karatasi iling'aa, rangi zilijaa, mabango ya katikati yalibandikwa ukutani. Nalo lilikuwa na akili zake: Neil Tennant alikuwa mmoja wa wahariri wake kabla hajaacha kazi ili ashughulike na bendi yake, Pet Shop Boys, na mwaka 1987 Tom Hibbert alimhoji humo Waziri Mkuu Margaret Thatcher. Miaka ya 1980 Smash Hits liliuza kuliko NME mara nyingi. Kwa mtoto wa miaka 13, maneno ya wimbo yalikuwa na thamani kuliko hukumu juu ya wimbo.

NME lilijibu kwa kutoa muziki wenyewe. Mwaka 1981, kwa kushirikiana na kampuni huru ya Rough Trade, liliwauzia wasomaji kaseti iitwayo C81. Ulikata kuponi gazetini, ukaituma na pesa kwa posta, ukangoja. Miaka mitano baadaye ilitoka C86, yenye bendi 22 za magitaa zisizo na kampuni kubwa nyuma yao, na jina la kaseti likageuka kuwa jina la aina ya muziki. Lakini C86 ilitoka katikati ya ugomvi wa ofisini ulioligawa gazeti. Upande mmoja ulisema muziki mpya na wa maana duniani ni hip hop kutoka New York. Upande mwingine ulisema msomaji wetu ananunua magitaa. Upande wa kwanza ulikuwa sahihi kimuziki, na orodha za mwisho wa mwaka zinauthibitisha: 1988 albamu ya mwaka ya NME ilikuwa ya Public Enemy, 1989 ya De La Soul. Upande wa pili ulishika hesabu za mauzo, na ndio uliobaki na funguo za ofisi. Nadhani hapo gazeti lilifanya uamuzi uliolipunguza. Lilianza kuwafuata wasomaji wake badala ya kuwatangulia.

Miaka ya 1990 ilificha ufa huo kwa kelele. Mei 1991, huko Norwich, Richey Edwards wa Manic Street Preachers alikuwa akibishana na Steve Lamacq wa NME, aliyetilia shaka kama bendi yake ina ukweli wowote. Edwards alichukua wembe na kujichana mkononi maneno ya kuthibitisha kwamba anamaanisha, akalazwa hospitali na kushonwa. Wahariri walijadiliana vikali kama picha ichapishwe. Ilichapishwa. Miaka minne baadaye, mwezi Agosti 1995, singo za Blur na Oasis zilitoka siku moja, na jalada la NME likawapanga kama mabondia wa uzito wa juu. Habari ikaingia hadi taarifa za jioni za televisheni. Blur waliuza nakala 274,000 wiki hiyo, Oasis 216,000. Hesabu na hukumu zilikuwa zimekutana tena ukurasani, na taifa zima lilifuatilia.

Ndugu zake hawakuwa na bahati. Sounds lilifungwa 1991. Melody Maker, mzee wa 1926, lilimezwa na NME mwishoni mwa mwaka 2000. NME lilikuwa na tovuti tangu 1996, mapema kuliko wengi, na tovuti hiyo ikawa inalila gazeti polepole, kwa kuwa habari ya bendi kuvunjika haikuwa na haja tena ya kungoja toleo la wiki. Mwaka 2006 Arctic Monkeys wa Sheffield waliuza zaidi ya nakala 363,000 za albamu yao ya kwanza katika wiki moja, rekodi ya Uingereza wakati huo kwa albamu ya kwanza ya msanii. NME liliwashangilia kwa nguvu zote, lakini mashabiki walikuwa wamekwisha kugawiana nyimbo zao kwenye intaneti muda mrefu kabla. Gazeti lilifika na kukuta shughuli imeanza. Julai 2014 chati ya Uingereza ilianza kujumlisha nyimbo zinazosikilizwa mtandaoni, usikilizaji 100 ukihesabiwa kama mauzo ya nakala moja. Kazi ya Percy Dickins ilikuwa imechukuliwa na mashine.

Wakati huo NME lilikuwa likiuza karibu nakala 15,000 tu. Septemba 2015 likaanza kugawiwa bure, nakala 300,000 kwenye vituo vya treni, maduka na vyuo, Rihanna akiwa kwenye jalada la kwanza. Nakala zilirudi kuwa nyingi kama za 1964, lakini matangazo yalikuwa yamehamia kwenye simu. Toleo la mwisho la kila wiki lilitoka tarehe 9 Machi 2018, miaka 66 tangu Denmark Street.

Jina halikufa. Mwaka 2019 lilinunuliwa na BandLab, kampuni ya Singapore inayotengeneza programu ya kurekodia muziki kwa simu, na tovuti ikaendelea kama kawaida. Mwaka 2023 NME lilirudi kwenye karatasi, likitoka kila miezi miwili kwa nakala chache. Aliyewekwa kwenye jalada la toleo hilo la kurejea ni kijana wa Marekani aliyerekodi nyimbo zake za mwanzo peke yake, kwa simu, akitumia programu ya BandLab. Mwenye gazeti na mwenye chombo cha kutengenezea wimbo sasa ni mmoja, na mhakiki wa NME anayekaa kuandika juu ya wimbo uliotoka kwenye programu hiyo anaajiriwa na nyumba hiyo hiyo.